Pedi ni Gadi

Maneno haya niliyasema Ijumaa baada ya sala ya Alasiri, uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Amu, mji wa Lamu. Nimeyaandika yote kwa ajili ya wazazi wa Faza, Siyu na Kizingitini ambao bahari ya kusi iliwazuia kuvuka. Kazi yangu ni kutengeneza vifaa vya kutegemeza mwili: magongo, viatu vya miguu iliyopinda, na breisi za mgongo.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mashekhe wetu, walimu, mafundi, mama zangu na baba zangu, na nyinyi vijana mlioketi pale kivulini, nawashukuru kwa kuja.

Tazameni hiki mkononi mwangu. Ni gamba la plastiki lililofinyangwa kwa kipimo cha kiwiliwili cha binti wa miaka 12. Hufungwa nyuma kwa mikanda mitatu. Hii ndiyo breisi. Sasa nitaligonga, msikilize. Mmesikia? Linalia kama debe. Ndani ni tupu. Nawauliza, debe tupu litanyoosha mgongo wa nani?

Tazameni na hili la pili. Umbo ni lile lile, plastiki ni ile ile. Lakini tia mkono ndani. Kuna kipande cha sponji ngumu kimegandishwa hapa, kingine hapa, kingine huku chini karibu na nyonga. Vipande hivi karakana tunaviita pedi. Gamba hili la pili hufanya kazi. Lile la kwanza linamfunika mtoto tu, linamtoa jasho, na mgongo unaendelea na safari yake.

Nasema hivi kwa sababu wazazi wengi wananiambia pedi ziliwekwa ili mtoto asiumie. Basi mtoto akilalamika, mama huibandua pedi akaiweka kabatini. Au mtoto akisema breisi inalegea, baba huongeza kitambaa popote penye nafasi. Wote wawili wanampenda mtoto. Wote wawili wameiharibu breisi bila kujua.

Ndugu zangu, pedi si godoro. Pedi ni gadi.

Naona wazee wa Matondoni, kijiji cha waunda mashua, wanatikisa vichwa. Wao wameshanielewa. Waliobaki nipeni masikio.

Babu yangu alikuwa fundi wa vyombo, na mimi utoto wangu wote niliuchezea kwenye vumbi la randa, pembeni mwa mashua zilizokuwa zikiundwa. Siku moja maji yalikuwa yanapwa na jahazi lilikuwa limeanza kulala ubavu. Watu wakakimbilia magadi, ile miti ya kulizuia chombo kisianguke. Nami nikachukua langu, dogo, nikalichomeka pale nilipoona pana uwazi, katikati ya ubao. Babu akanishika mkono. "Ndoo, mwanangu, utizame," yaani njoo uone. Akaukandamiza ubao kwa kiganja, ukabonyea. Kisha akausogeza mkono wangu shibiri moja hadi penye taruma, ule mti wa ndani uliopinda kama ubavu, akaniambia nikandamize mwenyewe. Hapakubonyea kitu. Akaniambia ubao haukuumbwa kubeba, mwenye kubeba ni taruma, na taruma ndilo linalopeleka nguvu kwenye mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo kizima.

Miaka mingi baadaye nilikaa darasani nikifundishwa breisi, mwalimu akachora ubaoni uti wa mgongo na mbavu zake, nami nikamwona babu. Uti wa mgongo ndio mkuku wetu. Mbavu ndizo mataruma, jozi 12, kila moja imeshikamana na pingili yake. Mkono wa fundi haufiki kwenye pingili. Huwezi kuushika uti wa mgongo ukaunyoosha. Unachoweza ni kuusukuma ubavu, na ubavu ukaisukuma pingili. Basi pedi hukaa juu ya ubavu. Ubavu upi? Hapo ndipo kazi yote ilipo, na hapo nitakaa kidogo.

Kwanza niwaeleze maradhi yenyewe. Mgongo ukitazamwa kwa nyuma hutakiwa kunyooka. Kuna watoto ambao, wakianza kubaleghe na kurefuka, mgongo unapinda kando na pingili zinajizungusha. Madaktari huita skoliosisi. Kupinda huko hupimwa kwenye picha ya eksirei kwa digrii, kwa njia iliyoelezwa mwaka 1948 na daktari Mmarekani aitwaye John Cobb. Kuanzia digrii 10 huhesabiwa kuwa ni skoliosisi, na watoto 2 au 3 katika kila 100 hufika hapo. Wengi wao hawahitaji lolote ila kuangaliwa. Mtoto ambaye bado anakua, na pindo lake limefika kati ya digrii 25 na 40, ndiye wa breisi. Likipita 50, mazungumzo huwa ya upasuaji. Wasichana ndio wanaoharibikiwa zaidi.

Sababu yake mara nyingi haijulikani. Lakini naomba mnisikie vizuri hapa, kwa kuwa kuna mama amekaa mbele yangu leo ambaye amejilaumu miaka miwili. Si ndoo ya maji. Si mkoba wa shule. Si kulala vibaya, wala si kijicho cha mtu. Mama, hukumfanyia mwanao kitu.

Na kumgundua hakuhitaji mashine. Ustadha mmoja wa Langoni alikuwa anawafundisha wasichana sala. Safu nzima ikarukuu. Migongo yote imelala kama jamvi, isipokuwa mmoja, upande wa kulia umeinuka kuliko wa kushoto. Hakusema kitu mbele ya wenzake. Alikwenda jioni kwa mama yake, akakaa naye barazani, akamwambia kwa upole. Yule ustadha alifanya kipimo ambacho William Adams, daktari wa London, alikieleza mwaka 1865 na ambacho hospitali zinakitumia hadi leo: mtoto ainame mbele, mikono ining'inie, nawe usimame nyuma yake utazame. Fanyeni leo usiku. Dakika moja tu. Watazameni wanenu wa miaka 10 hadi 15.

Turudi kwenye ubavu. Mkijipapasa mtaona ubavu hauendi sawa kama kamba ya kuanikia nguo. Unatoka kwenye pingili, unateremka kuelekea mbele. Kwa hiyo ubavu ulioshikamana na pingili iliyopinda kuliko zote, ukiushika kwa pembeni, uko chini zaidi ya pingili yenyewe. Pedi basi huwekwa chini kidogo ya kilele cha pindo. Ukiiweka juu zaidi kuliko kilele unasukuma ubavu wa pingili nyingine, na unaweza ukaliongeza pindo badala ya kulipunguza. Vidole viwili tu vya tofauti, na kazi imegeuka.

Tena pedi moja haitoshi. Ukimsukuma mtu ubavuni bila kumzuia, anahama tu. Lazima pawe na mahali patatu: pedi inasukuma upande uliotokeza, na upande wa pili plastiki inamzuia juu, chini ya kwapa, na chini, kwenye nyonga. Hapo mgongo unakosa njia nyingine ila kurudi katikati.

Na kuna jambo la nne ambalo halionekani kwa sababu ni uwazi. Hili nililijua kwa kumuumiza mtoto wa watu, nami nitalisema.

Nilikuwa mgeni katika kazi. Binti mmoja alikuwa na pindo la kifuani, limetokeza kulia. Pedi yake ya kulia ilikuwa nzuri. Lakini upande wa kushoto breisi iliacha nafasi kubwa, mkono mzima unapita. Mama yake akaniambia, "Mwanangu, huku mbona kunapwaya? Nijazie." Nikaona anayosema yana maana. Nikakata sponji, nikaijaza ile nafasi. Binti akasema imekaa vizuri, haimbani tena. Tukafurahi sote. Baada ya miezi minne picha ikaja, iliyopigwa akiwa ndani ya breisi, na mgongo haukuwa umesogea hata kidogo. Ungesogea uende wapi? Nilikuwa nimeuzibia njia. Ile nafasi iliyopwaya ndiyo nyumba uliyokuwa unaitiwa mgongo, nami nilikwenda nikaijaza matambara.

Miezi minne ya mtoto anayekua hairudi. Nikaibandua ile sponji siku hiyo hiyo, nikawaambia wazazi wake ukweli. Sijawahi tena kujaza nafasi bila kujiuliza imeachiwa nani.

Kwa hiyo mkiona breisi ya mtoto inapwaya upande mmoja na inabana upande wa pili, msiijaze. Ulizeni. Penye msukumo, upande wa pili lazima pawe na nafasi.

Sasa, pedi huongezwa lini? Huongezwa mara nyingi, na ni kazi ya kawaida. Mtoto hurefuka, kiuno hubadilika, sponji huchoka, au picha huonyesha pindo lingeweza kusukumwa zaidi. Ndiyo maana breisi iletwe kila baada ya miezi mitatu au minne hata kama haina tatizo.

Niwaonyeshe ninavyofanya. Mwezi uliopita nilikuwa kwa binti mmoja hapa hapa mjini, na breisi yake ilitengenezwa mbali. Nilihesabu mbavu kwenye picha, kisha nikazihesabu mwilini mwake kwa vidole, kutoka chini kwenda juu, hadi nikaupata ubavu ninaoutaka. Nikamwomba mama yake wanja. Nikatia alama nzito juu ya ubavu ule. Nikamvisha breisi bila fulana, nikaikaza mikanda, akavuta pumzi mara tatu, nikaivua. Alama ya wanja ikawa imehamia ndani ya plastiki. Na pedi ilikuwa wapi? Ilikuwa imeipita alama kwenda juu, kwa vidole viwili. Mama akaweka mkono mdomoni. Mwaka mzima binti amevumilia joto, amevumilia macho ya watu, na gadi liko kwenye ubao.

Nikaibandua, nikaisogeza. Nikaongeza tabaka moja la milimita 6, si zaidi. Nikazichonga kingo kwa kisu, zishuke polepole kama ufuo unavyoingia majini, kwa sababu kingo iliyosimama hukata ngozi. Nikamwambia avae siku kumi, nirudi. Ngozi ikikubali, tabaka jingine. Ukiongeza yote siku moja, ngozi huchubuka, mtoto huvua, nawe umepoteza zaidi ya ulichotafuta.

Na usiweke pedi ndogo ukidhani itasukuma vizuri. Nguvu ile ile ikikaa mahali padogo huchoma. Viatu vya kisigino chembamba huzama mchangani pale ambapo kandambili zinapita bila shida, na mwanamke aliyevaa ni yule yule.

Sponji gani? Hili nalo linanisumbua kila siku. Nahodha mmoja, mtu mwema, aliona pedi ya bintiye imeng'oka. Mombasa ni mbali, boti hadi Mokowe, kisha basi siku nzima. Akakata kipande cha godoro, akakibandika kwa gundi ya viatu. Nampa haki yake, alikibandika mahali sahihi kabisa. Lakini wiki tatu baadaye kilikuwa kimelala kama kaki, na kinanuka. Sponji ya godoro ina matundu yaliyofunguka. Inanyonya jasho, inakubali kila mgandamizo, haina ubishi. Pedi inataka sponji ambayo vitundu vyake vimefungwa, haimezi maji, kama boya la wavu. Bonyeza kwa kidole gumba: ikizama hadi chini, si yenyewe. Ikikataa, kisha ikakubali kidogo, kisha ikarudi ulipoinua kidole, hiyo ndiyo. Gundi ya viatu haina neno, lakini ipakwe pande zote mbili, iachwe ikauke hadi isinate kidoleni, ndipo vibandikwe. Wala msiianike breisi juani darini wala kuiacha kwenye sitaha. Joto huilegeza gundi.

Nina jambo kuhusu punda, na sina maana ya kuwalinganisha watoto wetu na wanyama. Ami yangu alikuwa na punda aliyepata kidonda mgongoni, chini ya sogi, tandiko lake la mizigo. Kwa huruma akakunja gunia akaliweka juu ya kidonda pale pale. Kidonda kikapanuka. Akaongeza gunia la pili. Kikafika mfupani. Watu wa zahanati ya punda wakamwambia: ondoa yote, inua tandiko pembeni mwa kidonda, huku na huku, pale katikati pabaki shimo. Punda akapona.

Ukiweka kitu juu ya panapouma, umeongeza mzigo juu ya panapouma. Hata kiwe laini namna gani. Breisi ikimchoma mtoto kwenye mfupa wa nyonga au kwenye kombe la bega, pamba haitamsaidia. Mahali pale patolewe, plastiki itanuliwe kwa moto na mtu anayejua, au pedi zinyanyuliwe pembeni.

Na hapa nipite haraka kwenye jambo kubwa. Kuna mgongo unaopinda kwenda nyuma, ukatoa nundu kali, na mtu ana homa za jioni, jasho la usiku, anakonda. Huo si wa breisi kwanza. Huo unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na dawa yake ipo na inaponya. Asipelekwe kwa fundi kama mimi, apelekwe hospitali. Breisi yake, akipewa, kazi yake ni kuutuliza mgongo wakati dawa zinafanya kazi, na nundu huachiwa shimo. Mtu asiibonyeze nundu ile kwa pedi, nawaomba sana.

Wachukuzi wa gatini waliniuliza kuhusu ile mikanda mipana ya kiunoni. Ukiumwa na daktari akakupa, uvae. Lakini ukiuvaa ili ubebe magunia mawili badala ya moja, hautakulinda.

Nimalizie na saa. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa Marekani na Kanada, ukiongozwa na daktari Stuart Weinstein. Waliwafuata watoto wenye skoliosisi, wengine na breisi, wengine wakiangaliwa tu. Kati ya waliopewa breisi, 72 katika 100 walimaliza kukua bila kufika digrii 50. Wasiopewa, 48. Lakini ndani ya breisi walitia kifaa kidogo cha kupima joto la mwili, ili wajue mtoto ameivaa saa ngapi kweli. Waliovaa kwa wastani wa karibu saa 13 na zaidi kwa siku, 9 katika 10 walifaulu. Waliovaa saa chache mno hawakuwa na tofauti na wasiokuwa nayo.

Mnaelewa maana yake? Pedi yangu nzuri, wanja wangu, milimita zangu, vyote havina kazi breisi ikiwa imening'inia nyuma ya mlango. Na itaning'inia nyuma ya mlango kama inamchoma mtoto. Ndiyo maana nawachosha kwa habari ya kingo na sponji.

Mvalisheni fulana ya pamba isiyo na mshono ubavuni, ndefu, iliyonyooshwa isikunjane. Kwa joto letu la kaskazi, fulana mbili au tatu kwa siku. Msimpake poda wala mafuta chini ya breisi, ngozi hulainika ikachubuka. Akioga, akiogelea, akicheza mpira, aivue, kisha arudi. Kila jioni tazameni ngozi penye pedi. Mtaona wekundu, na wekundu ule ni dalili kwamba pedi inasukuma. Hesabuni nusu saa. Ukiondoka, alhamdulillahi. Ukibaki, au kuna lengelenge, breisi ipumzike na nijulishwe siku hiyo hiyo.

Na nyinyi shangazi na makhala, akija mtoto nyumbani kwenu na breisi ndani ya buibui, msimgonge mgonge tumboni mkacheka kwamba amevaa gamba la kobe. Yule binti aliyegunduliwa na ustadha aliniambia pedi haikumuumiza kama kicheko kimoja cha harusini. Aliivua usiku ule akakaa siku tisa bila kuivaa. Aliyemrudisha ni nyanya yake, ambaye kila Alfajiri baada ya kusali alikuwa akimfunga mikanda mwenyewe, mmoja mmoja, hadi kwenye alama, kisha anampiga kofi dogo la mapenzi begani, anamwambia nenda. Miaka miwili. Hakukosa Alfajiri moja.

Nitakuwa hapa chini ya Ngome hadi Isha, na kesho asubuhi Matondoni. Mwenye breisi ya mtoto nyumbani aende akailete sasa, na mtoto mwenyewe, na picha yake ya eksirei kama ipo. Na mama mmoja anisaidie wanja, wangu umekwisha.